Kikombe Kisichokaa Kabatini

Kikombe ninachokitumia kila asubuhi kina alama ya kidole gumba. Si ufa wala doa; ni kibonyeo kidogo kilicho chini ya mahali kishikio kinapoungana na kikombe chenyewe, pale ambapo mfinyanzi, alipokuwa akikibana kishikio ili kishikamane na udongo uliokuwa ungali mbichi, aliacha umbo la ncha ya kidole chake. Nilikitumia kikombe hicho kwa miezi kadhaa bila kuigundua alama hiyo kwa macho. Kidole changu ndicho kilichoigundua kwanza. Asubuhi moja, nikiwa nimesimama dirishani na akili yangu iko mbali, nilihisi gumba langu limetulia ndani ya kitu kilicholingana nalo, na nilipoinamisha kichwa kutazama nikafahamu kwamba limekuwa likitulia hapo hapo siku zote.

Kabla ya hapo kikombe hicho kilikaa kabatini miaka miwili, nyuma ya kioo. Kilikuwa cha wageni. Lakini wageni walipofika tuliogopa kukitoa kisije kikavunjika, kwa hiyo hakikuwa cha wageni wala chetu. Kilikuwa cha kabati. Kilichokiokoa ni ajali tu: kikombe cha kiwandani nilichokuwa nacho kilianguka kikavunjika, nikachukua hiki kwa muda, mpaka nitakapopata kingine. Huo muda haujaisha hadi leo. Tangu wakati huo nimekuwa nikiliwaza jambo hili, nami nimefikia mahali pa kuamini kwamba raha ya vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, na hata raha ya sanaa kwa jumla, haipatikani hasa kwa kuvitazama bali kwa kuishi navyo: kuvishika, kuviosha, kuvichakaza na mara nyingine kuvivunja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naongeza kwamba hujui na utamu wake pia.

Sisemi hivi kwa kuyadharau majumba ya makumbusho, kwa kuwa ninayapenda na ninayatembelea kila ninapopata nafasi. Ila kuna jambo ambalo limenifikirisha sana. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wageni wa Metropolitan Museum of Art jijini New York, ambako walipima muda ambao mtu husimama mbele ya kazi mashuhuri ya sanaa. Wastani ulikuwa kama sekunde 27, na nusu ya waliotazama hawakuzidisha sekunde 17. Watu wamesafiri, wamepanga foleni, kisha mchoro ambao pengine ulimchukua mchoraji miezi wanaupa muda wa kufunga kamba za viatu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi mwenyewe hufanya vivyo hivyo. Kisha nikapiga hesabu nyingine: kikombe changu hukaa mkononi mwangu kama dakika 10 kila asubuhi, na kwa mwaka mzima hizo ni zaidi ya saa 60. Hakuna mchoro wowote duniani niliowahi kuupa saa 60. Kwa hiyo, ikiwa mtu anataka sanaa imfinyange hata kidogo, mahali pa kuanzia huenda si ukutani wala ukumbini, bali ni kwenye rafu ya vyombo.

Mtu aliyelieleza wazo hili kwa kina zaidi ni Soetsu Yanagi, mwanafalsafa wa Japani, aliyeishi kati ya mwaka 1889 na 1961. Mwaka 1925 yeye pamoja na rafiki zake wawili wafinyanzi, Shoji Hamada na Kanjiro Kawai, waliunda neno jipya, mingei, lenye maana ya ufundi wa watu wa kawaida, na mwaka 1936 wakafungua jumba la makumbusho jijini Tokyo kwa ajili ya vitu vya namna hiyo: mabakuli, birika, vikapu, vitambaa, vitu ambavyo mafundi wake hawakuandika majina yao popote. Hoja ya Yanagi ilikuwa kwamba kuna uzuri unaozaliwa na matumizi peke yake. Fundi anayefinyanga bakuli la mia moja kwa siku hana nafasi ya kujionyesha. Mkono wake unakwenda wenyewe, na ule ubinafsi unaoharibu kazi nyingi za wasanii hauna mahali pa kuingilia. Hamada, ingawa alikuja kuwa mfinyanzi maarufu kuliko wote nchini mwake, aliacha kutia alama yake kwenye vyombo alivyovifinyanga.

Lakini katika habari za Yanagi kinachonivutia kuliko nadharia yake ni bakuli moja. Linaitwa Kizaemon, lilifinyangwa Korea katika karne ya 16, na linatunzwa katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto. Huko Japani limehesabiwa kuwa hazina ya taifa. Yanagi alipoonyeshwa bakuli hilo alishangazwa na ukawaida wake: chombo cha maskini, kwa maoni yake, chombo ambacho aliyekifinyanga hakukifikiria mara mbili, chenye glezi, ule mpako unaong'aa kama kioo juu ya udongo, iliyopasukapasuka na kitako kilichochongwa kwa haraka. Na chombo hicho cha kawaida kilitolewa mbele yake kutoka ndani ya masanduku yaliyowekwa moja ndani ya jingine. Kila nikifika kwenye sehemu hiyo ya habari naliona kabati letu. Bakuli lilipendwa kwa sababu lilikuwa la kutumiwa, kisha kwa kupendwa kwake likaondolewa katika matumizi.

Mkanganyiko kama huo ulimpata pia William Morris, mbunifu wa vitambaa wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1896. Morris hakuwa mtu wa maneno matupu. Alipotaka vitambaa vyake viwe na rangi za asili badala ya zile za viwandani zilizopauka upesi, alijifunza mwenyewe kutia rangi kwa nili, akitumbukiza mikono ndani ya pipa hadi akawa anatembea na mikono ya buluu. Kutokana na kazi hiyo alitengeneza mwaka 1883 kitambaa chake kinachojulikana zaidi, chenye ndege wanaoiba matunda bustanini, wizi ambao alikuwa ameushuhudia kwenye bustani ya nyumba yake ya mashambani. Alitaka uzuri uwe wa kila mtu. Hata hivyo kazi ya mikono huchukua muda, na muda una gharama, hivyo walioweza kununua vitu vya kampuni yake wakawa matajiri. Morris alilijua hilo nalo lilimuuma. Aliwashauri watu wasiweke nyumbani kitu ambacho hawajui kwamba kinafaa au hawaamini kwamba ni kizuri, na ushauri huo umerudiwa na wengi tangu alipoutoa mwaka 1880. Mimi hilo neno "au" hunikera kidogo. Linagawa nyumba pande mbili, upande wa vitu vya kazi na upande wa vitu vya kupendeza, ilhali kikombe changu kimekataa kukaa upande mmoja.

Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na pindo la mto katika jimbo la Alabama nchini Marekani, hawakuwa na nafasi ya kuugawa ulimwengu namna hiyo. Wao ni vizazi vya watu waliokuwa watumwa, na nyumba zao zilipenyeza baridi. Walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za shambani zilizochakaa, kwa sababu walihitaji joto. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalionyeshwa Houston, na baadaye mwaka huo huo katika jumba la Whitney jijini New York, yakitundikwa kwenye kuta kama michoro, na wahakiki wakastaajabia jinsi yalivyopangwa. Nimezitazama picha zake mara nyingi. Katika baadhi yake, kwenye kipande kilichokatwa kutoka suruali ya kazi, unaona umbo la mfuko uliobanduliwa: pale ulipokuwa mfuko pana buluu iliyokoza, na pembeni yake kitambaa kimepauka kwa jua la miaka. Hakuna aliyelichora umbo lile. Jua na kazi ndivyo vilivyolichora, na aliyekuwa na jicho akajua mahali pa kulishonea. Nafurahi kwamba ulimwengu umeyaona mablanketi hayo. Lakini pia najiuliza ni nini kinachopotea blanketi linapoacha kumfunika mtu.

Baada ya miaka mingi ya kuwa mtumiaji tu, niliamua kujaribu kufinyanga. Nilijiunga na darasa la jioni, na kwa majuma matatu ya mwanzo sikufanya chochote zaidi ya kujaribu kuliweka donge la udongo katikati ya gurudumu. Anayewatazama wafinyanzi hudhani kazi kubwa ni kulipandisha bakuli, ilhali kazi kubwa ni hii ya kabla yake, ya kulifanya donge litulie wakati gurudumu linazunguka, hata ukiligusa usione limetikisika. Halikubali nguvu. Ukilisukuma kwa mabavu linakusukuma nawe. Inakubidi uegemeze viwiko mapajani, ukaze mkono, kisha usubiri udongo uje wenyewe mahali ulipo mkono wako. Jumla ya jioni nilizorudi nyumbani na matope hadi masikioni bila chombo chochote siwezi kuikumbuka.

Hatimaye nilipata bakuli. Lilikuwa zito kama tofali, mdomo wake umepinda, nami nikalipenda kupita kiasi. Nililiweka rafuni likauke, na nilipolirudia baada ya juma moja nikalikuta lina ufa kwenye kitako, ufa uliopinda kama herufi S. Nilidhani kuna mtu aliyeligusa. Mwalimu alilipindua, akatabasamu, akaniambia kwamba ufa huo unajulikana na kila mfinyanzi, kwamba una sura ile ile mahali popote udongo unapofinyangwa kwa gurudumu, na kwamba sababu yake nilikuwa nayo mkononi tangu siku ile. Udongo unapokauka na kuchomwa hupungua, mara nyingi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi. Kuta za chombo hubanwa na vidole wakati wa kuzipandisha, hivyo chembe zake hulala pamoja na kushikana. Kitako kisipobanwa vilevile, chembe zake hubaki zimelegea, hupungua kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayopasuka. Umbo la S linafuata mzunguko wa gurudumu lenyewe. Dawa yake ni ndogo mno: kupitisha kidole au kipande cha mbao kwenye kitako mara chache, kutoka katikati kwenda nje na kurudi, kabla ya kuzipandisha kuta. Sekunde kumi za kazi ambazo sikuzifanya, kwa haraka ya kuona bakuli likiinuka.

Tangu siku hiyo siwezi kushika chombo cha udongo bila kukipindua. Hata nyumbani kwa watu, na nimewahi kukipindua kimoja kikiwa hakijamalizwa kunywewa. Natazama kitako, natazama mahali waya ulipopita kukitenga na gurudumu, natazama unene wa mdomo, nabisha kwa ukucha kusikia kama kinalia au kimekufa sauti. Hayo yote yalikuwapo katika vyombo nilivyovitumia maisha yangu yote, sema nilikuwa sina macho ya kuyaona. Ndiyo maana nampa moyo mtu yeyote anayetaka kujaribu ufundi fulani hata kama anajua hatafika popote nao: bakuli baya unalolifinyanga mwenyewe linakufungulia mabakuli mazuri elfu moja ya wengine. Najua pia kuna wanaosisitiza faida za afya. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel walieleza kwamba baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika karatasi, karibu robo tatu ya watu 39 waliowapima walikuwa na kiwango kidogo zaidi cha kortisoli, homoni inayopanda tunapokuwa na msongo, na kwamba uzoefu wa awali haukuleta tofauti kubwa. Ni utafiti mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, basi nisiubebeshe mzigo kuliko uwezo wake. Nadhani pia hakuna kati yao aliyekutana na ufa wa S siku hiyo.

Mbao zilinifundisha somo la namna nyingine. Nilichonga kijiko kimoja tu, kwa mti mbichi, kwa kuwa mti mbichi hukatika kwa kisu kwa urahisi kuliko mkavu, na nikajifunza kwamba ukichonga kwa kufuata nyuzi unapata uso laini unaong'aa, ukizikabili kutoka upande wa pili kisu kinazama na kupasua. Nilikipiga msasa hadi kikawa kama hariri, nikakiosha mara moja, kikawa na manyoya kama ndevu za siku mbili, kwa kuwa maji huziamsha nyuzi zilizolazwa. Kumbe ulitakiwa ukiloweshe makusudi, ukikaushe, ukipige msasa tena, ndipo ukipake mafuta. Na hapa niweke onyo moja kwa anayetumia mafuta ya kitani: kitambaa kilicholowa mafuta hayo usikikunje ukakitupa kwenye pipa la taka, kwa kuwa mafuta yanapokauka hutoa joto, na joto lililofungiwa ndani ya mikunjo linaweza kuwasha moto lenyewe. Kitandaze kikauke mahali pa wazi.

Kuhusu picha za ukutani sina mengi ya kusema. Zisielekeane na jua, hasa zilizochorwa kwenye karatasi, kwani makumbusho mengi huzionyesha kazi za namna hiyo kwa mwanga hafifu wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na chumba chenye dirisha kubwa mchana huwa na mwanga mara nyingi zaidi ya huo. Na zihamishwe. Picha iliyokaa mahali pamoja mwaka mzima hugeuka kuwa ukuta. Ipeleke jikoni au kwenye korido, nawe utaiona tena kana kwamba umeletewa leo.

Ninalotaka kulikazania zaidi ni lile la kuheshimu kazi ya mkono bila kuiabudu. Kutengenezwa kwa mkono si cheti cha ubora. Niliwahi kununua kikapu ambacho muuzaji alikisifu kwa nusu saa, nami nikaona haya kukichunguza mbele yake. Baada ya majuma mawili kilianza kufumuka kuanzia ukingoni, kwa sababu ncha za ukili hazikurudishwa ndani zikafungwa, zilikatwa tu na kubanwa. Mkono wa mtu unaweza kuwa mvivu sawasawa na mashine. Kwa upande mwingine, zipo mashine zinazojifanya mikono. Nimeona seti ya vikombe vya kiwandani vyenye vibonyeo vya vidole, vyote sita mahali pale pale, kwa kina kile kile, kwa kuwa vilitoka katika kalibu moja. Nilikishika kimoja nikaweka gumba langu penye kibonyeo. Lilitoshea vizuri sana. Nilijaribu kuona kama nitahisi tofauti na kikombe changu, na lazima nikiri kwamba kwa dakika ya kwanza sikuihisi; niliihisi nilipokishika cha pili.

Ukitaka kupima kitu, basi, ni heri ukitazame mahali ambapo fundi alidhani hutatazama: chini ya kitako, nyuma ya mshono, ndani ya kifuniko, mahali vipande viwili vinapokutana. Na ukimpata fundi mwenyewe, muulize kuhusu kilichoharibika badala ya kuuliza kuhusu kilichofaulu. Sijawahi kukutana na fundi wa kweli ambaye hakufurahia swali hilo.

Kwa kuwa vitu vinavyotumika huvunjika, sharti niseme neno juu ya kuvitengeneza. Wajapani wana ufundi uitwao kintsugi, wa kuunganisha vipande vya chombo kwa utomvu wa mti wa urushi na kuufunika mstari wa kiungo kwa unga wa dhahabu. Siku hizi unatajwa sana kama fumbo la maisha, nami nimeuchoka kidogo kwa namna hiyo. Ninaupenda zaidi kama kazi. Utomvu ule haukauki kwa hewa kavu kama gundi tulizozizoea, bali huhitaji unyevu ili ugande, na kazi nzima huweza kuchukua majuma au hata miezi, tabaka juu ya tabaka. Mtu anayefanya hivyo kwa sahani moja amelipenda jambo fulani kwa dhati, hata pasipo fumbo lolote.

Mimi sina subira hiyo. Matengenezo yangu ni ya soksi. Unalivuta tundu juu ya kitu cha mviringo, unapitisha nyuzi za mtande kutoka ukingo hadi ukingo, kisha unapenyeza uzi wa mshindio juu na chini, juu na chini, na ndani ya robo saa umefuma kitambaa kidogo kisichozidi ukubwa wa sarafu. Mara ya kwanza nilipomaliza kimoja nilikaa nacho taani muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya mchoro wowote mashuhuri, nikakigeuza huku na huku. Mshono ulikuwa mbaya. Lakini nilikuwa nimeelewa, kwa mara ya kwanza, shuka ninalolilalia limetengenezwaje.

Kuna methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni. Huwa tunaitumia kumhurumia fundi, kwamba anatengeneza vizuri kwa ajili ya wengine na yeye anabaki na kigae. Siku hizi naisikia kwa masikio mengine, kwa sababu bakuli langu lenye ufa wa S sikulitupa. Mwalimu aliniambia nilirudishe kwenye pipa la udongo, likalowekwe liwe donge upya, nami nikamwomba alichome lilivyo. Tanuri liliupanua ule ufa, kwa hiyo haliwezi kuweka maji hata tone. Liko juu ya meza ndogo karibu na mlango. Chombo kizima cha udongo ukikigonga hulia kama kengele, hili hutoa mlio mkavu, mfupi, kama mtu anayekohoa, na kila jioni funguo zangu zinapoanguka ndani yake waliomo chumbani hujua kwamba nimerudi.